Maswali yenu: besi ya jirani, tembo wa Amboseli na mawimbi ya sauti

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba safari hii tutaongelea mawimbi ya sauti, basi simu haijatulia tangu hapo. Kuna walioandika wakiwa na hasira na majirani, kuna wajawazito wenye wasiwasi, kuna na mmoja anauziwa dawa ya kusikiliza kwenye simu (huyo nimemweka mwisho, nina maneno naye). Naanza na mwanafunzi kwa sababu jibu lake ndo limebeba mengine yote, ukilielewa hilo haya mengine yanateleza tu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili huku Korogwe. Kwenye daftari tumechora wimbi la sauti linapanda na kushuka kama la baharini. Nikauliza darasani, mbona nikiongea sioni hewa ikipanda na kushuka, wenzangu wakacheka. Hivi sauti inaenda vile kweli? – *Mwanafunzi, Korogwe*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hao wenzio waambie waache kucheka maana hapo hata watu wazima wanajikwaa. Sauti haipandi na kushuka hewani. Kile mlichochora ni grafu, inaonyesha presha ya hewa inavyobadilika, yaani mstari ukipanda ujue hapo hewa imebanana kuliko kawaida, ukishuka ujue imelegea. Wimbi lenyewe linaenda mbele kwa kubana na kulegea, kubana na kulegea, hakuna kinachoruka juu.

Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni kutoka Kariakoo, watu wamesimama wamebanana hadi mlangoni. Konda anataka kuingiza mmoja zaidi, anamsukuma aliye mlangoni, huyo anamsukuma wa pili, wa pili anamsukuma wa tatu, mpaka mama wa watu aliyekaa kule dirishani anabanwa kwenye kioo. Kilichofika dirishani ni msukumo. Yule wa mlangoni bado yuko mlangoni. Hewa nayo iko hivyo hivyo: ukipiga ngoma, ngozi inatoka mbele inabana hewa iliyo karibu nayo, ikirudi inaiachia, hewa iliyobanwa inabana ya jirani yake, jirani anabana wa pili, mpaka msukumo unafika kwenye kiwambo cha sikio lako nacho kinaanza kucheza vilevile ngozi ya ngoma inavyocheza. Hewa ya pale kwenye ngoma haijaja kwako. Ingekuwa inakuja, kila mtu akiongea na wewe ungepigwa na upepo.

Ukitaka kuona kwa macho chukua bakuli, lifunike na nailoni uivute mpaka ikaze kabisa, funga na raba, mwagia chumvi kidogo juu yake. Sasa weka mdomo pembeni ya bakuli, usipulize, imba "uuuu" kwa nguvu. Chumvi inaruka. Badilisha sauti iwe nyembamba, alafu iwe nene, utaona kuna mahali chumvi inacheza sana na kuna mahali inatulia, kwa sababu nailoni nayo ina mtetemo inaoupenda.

Kwa kuwa ni msukumo unaopokezanwa, lazima kiwepo cha kuupokea. Robert Boyle kule Uingereza mwaka 1660 aliweka saa ndani ya chombo cha kioo akaanza kunyonya hewa kwa pampu, mlio wa saa ukazidi kufifia mpaka ukapotea, akirudisha hewa anausikia tena. Ndo maana huko anga za juu hakuna sauti, zile sinema za vyombo vya angani vikilipuka "bumu" ni utamu wa sinema tu.

Mwendo wake: kwenye hewa ya nyuzi joto 20 sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, hewa ikiwa ya moto zaidi inaongeza mwendo kidogo, kama mita 0.6 kwa kila nyuzi (kumbuka hili, linarudi kwenye swali la pili). Kwenye maji ni karibu mita 1,480, na kwenye chuma inapita mita 5,000. Na idadi ya kubana na kulegea kwa sekunde moja ndo inaitwa hezi, jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Sikio la kijana kama wewe linasikia kuanzia hezi 20 mpaka kama 20,000, sisi wazee huko juu tumeshaanza kupoteza.

SWALI: Mwalimu mimi nakaa Sinza, nyuma ya nyumba yangu kama mita mia mbili hivi kuna baa. Mchana siisikii kabisa. Usiku naskia "dum dum dum" mpaka vikombe kabatini vinalia, lakini wimbo wenyewe siujui ni upi, maneno hayafiki. Nimebandika trei za mayai ukuta mzima kama nilivyoona kwenye studio moja, hamna kitu. Nifanyeje? – *Asiyelala, Dar es Salaam*

JIBU: Pole sana dada. Hapa umeuliza maswali matatu kwa mpigo na yote ni matamu, nipe nafasi.

Kwanza kwa nini besi tu. Besi ya hezi 50 wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 7, kutoka mbano mmoja hadi mwingine. Sauti nyembamba ya twita (ile spika ndogo ya sauti za juu), tuseme hezi 5,000, wimbi lake ni sentimita 7 tu. Sasa hilo la mita 7 likikutana na kona ya nyumba, mti, gari lililopaki, linazunguka na kuendelea na safari, lakini hilo fupi linazuiwa, linarudishwa, linamezwa na mapazia na majani na miili ya watu wanaocheza. Alafu ukuta. Ili ukuta uzuie sauti inabidi ukatae kucheza, na ukuta unakubali kuchezeshwa taratibu kirahisi zaidi kuliko haraka, kwa hiyo besi inautetemesha na wenyewe unatetemesha hewa ya chumbani kwako, ukuta unageuka spika. Maneno ya mwimbaji yamebebwa zaidi na zile sauti za juu, yale ya "s" na "t" na "k", ndo maana unapata mdundo bila wimbo.

Pili kwa nini usiku. Wengi wanasema kwa sababu usiku kumetulia, na ni kweli, bodaboda na magenge yamepungua, lakini kuna lingine. Mchana ardhi inachemka, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu. Sauti inakimbia zaidi kwenye hewa ya moto, kwa hiyo upande wa chini wa wimbi unawahi, wa juu unachelewa, wimbi zima linapinda kuelekea juu na kupita kichwani kwako. Usiku ardhi inapoa, hasa kukiwa hakuna mawingu wala upepo, hewa ya chini inakuwa ya baridi na ya juu yake ina joto kidogo, basi mambo yanageuka: upande wa juu unawahi, wimbi linapinda chini, sauti iliyokuwa inapotea juu inakuja kuangukia kwenye mabati yako. Ndo hivyo adhana ya alfajiri unaisikia kutoka msikiti ambao adhuhuri huusikii, na kwa kweli kwa adhana hakuna anayelalamika.

Tatu trei za mayai. Dada zitoe, ulichobandika ni chakula cha mende. Karatasi ile ni nyepesi, inachofanya ni kupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, ndo maana vijana wa studio za chumbani wanaiona inasaidia wakirekodi. Kuzuia sauti ya nje isiingie ni kazi ya uzito na kuziba. Kwenye nyumba zetu nyingi ukuta sio tatizo la kwanza, tatizo ni matofali ya matundu juu ya dirisha, dirisha la vioo vya kupangana lisilofunga vizuri, mlango wenye nafasi ya vidole viwili chini, na dari. Nyumba za kupanga ndo balaa, ukuta wa chumba unaishia kwenye dari, juu ya dari kuna uwazi mmoja unapita vyumba vyote, kwa hiyo mwenzio akikohoa chumba cha mwisho unamwambia pole. Ziba hayo kwanza. Sauti za juu zitapungua sana, ila nisikudanganye, besi itapungua kidogo tu, hiyo dawa yake iko kwa mwenye baa.

Na mwenye baa akikwambia "nimegeuza spika ziangalie barabarani", mshukuru lakini usifurahi, kwenye besi kugeuza sabufa hakubadilishi sana maana yenyewe inasambaa pande zote. Kinachosaidia ni kushusha kile kitufe cha besi. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zinahesabiwa kwa njia yake ya ajabu: ukishusha 10 umebakisha sehemu moja ya kumi ya nguvu ya sauti, lakini sikio la mteja linaona imepungua kama nusu tu, biashara haifi. Na kinyume chake, akinunua sabufa ya pili ya nguvu ileile anaongeza desibeli 3 mpaka 6 tu, kwa hiyo anapoteza hela na umeme. Mpelekee hoja hiyo ya hela kwanza, wafanyabiashara wanaielewa. Ikishindikana nenda kwa mjumbe na serikali ya mtaa, alafu NEMC, wale wa mazingira, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na makazi usiku yana kiwango cha chini kuliko mchana. Wewe rekodi tarehe na saa, usirekodi matusi.

SWALI: Habari mwalimu. Naendesha watalii Amboseli. Kuna wakati tembo wametulia tu wanakula, hakuna sauti yoyote, ghafla familia nzima inasimama, masikio wazi, wanageuka upande mmoja na kuondoka. Wazee wa kwetu wanasema tembo anaongea kwa miguu. Ni kweli ama ni hadithi? – *Dereva, Kajiado*

JIBU: Kaka, uko mahali penyewe kabisa, maana sehemu kubwa ya jibu ilipatikana hapo hapo Amboseli. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne alikuwa amesimama karibu na tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetema kifuani mwake bila kusikia chochote. Akarudi na vinasa sauti, alipoiharakisha ile rekodi ikasikika: tembo walikuwa wanaongea muda wote, kwa sauti iliyo chini ya hezi 20 ambako sisi tumeshafungiwa nje. Baadaye akaja Amboseli akafanya kazi na Joyce Poole, ambaye alikuwa akiwafuatilia tembo wa huko, wakaona kwamba wa kwenu nao wanazitumia sauti hizo porini kila siku.

Sasa rudi kwenye jibu la dada wa Sinza. Sauti ya hezi 20 wimbi lake ni la mita 17. Kichaka cha mgunga hakiwezi kulifanya kitu. Kwa hiyo mlio mzito wa tembo unaenda kilomita kadhaa mchana, na jioni, ardhi ikianza kupoa na upepo ukitulia, ile hewa ya baridi chini na ya joto juu inaubana ule mlio karibu na ardhi na unaweza kufika hata kilomita 10. Wataalamu waliopiga hesabu hizo kwa hali ya hewa ya Etosha, Namibia, waliona saa za jioni ndo saa nzuri kuliko zote. Na tembo wanaihitaji hiyo simu: jike anakuwa tayari kupandwa siku chache tu kwa kila miaka kama minne, na madume hayaishi na familia, yako mbali huko yanazurura, asipoitwa hatakuja.

Kuhusu miguu, wazee hawajakosea. Mlio mzito vile unatikisa na ardhi pia, na utafiti wa Caitlin O'Connell-Rodwell huko huko Etosha ulionyesha tembo wanashtuka kwa mitetemo inayopita ardhini peke yake: wanaganda, wanaegemea mbele kwa miguu yao, wanakaa karibu karibu. Siku nyingine ukiona familia imeganda hivyo zima injini. Injini yako nayo inanguruma huko huko chini wanakosikilizia wao, yaani wewe ndo baa ya jirani.

SWALI: Asalam aleikum. Nipo Muscat miaka mingi sasa, nasikiliza mpira wa nyumbani kwa redio ya kwenye simu. Mtangazaji anasema "tunakujia kupitia mawimbi ya FM themanini na nane nukta kadhaa". Sasa hayo mawimbi ya sauti yanavukaje bahari yote hiyo mpaka huku bila kupotea? – *Bin Unguja, Muscat*

JIBU: Waaleikum salaam sheikh. Hayavuki. Mawimbi ya sauti ya mtangazaji yanaishia kwenye maiki, sentimita chache tu kutoka mdomoni. Kuanzia hapo kinachosafiri ni kitu kingine.

Ndani ya maiki kuna kiwambo chembamba, sauti inakitikisa, mtikisiko unageuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka vilevile sauti ilivyokuwa. Umeme ule ukipelekwa kwenye mnara wa FM unatoka kama mawimbi ya redio, ambayo ni ndugu wa mwanga, hayahitaji hewa na yanaenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hizo 88 hadi 108 anazotaja mtangazaji ni megahezi, yaani milioni 88 na kuendelea kwa sekunde, hakuna sikio la binadamu wala popo linalofika huko. Redio ya mtu wa Mbagala inayapokea, inageuza kuwa umeme, umeme unasukuma koni ya spika mbele na nyuma, na hapo ndo sauti inazaliwa upya. Kwako wewe imepita njia tofauti zaidi, mnara wa FM hauwezi kufika Muscat, sauti imegeuzwa kuwa namba, namba zikapita kwenye nyaya za chini ya bahari kama mwanga ndani ya uzi wa kioo. Mwanzo sauti, mwisho sauti, katikati yote hapana.

Tufanye basi kwamba sauti yenyewe ingekuja. Dar mpaka Muscat kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 4,000, kwa mita 343 kwa sekunde ni zaidi ya saa tatu. Goli la dakika ya kumi ungelisikia wachezaji wameshaoga wameondoka. Na kwa kweli aliyekaa jukwaani kule juu, mita 170 kutoka kwa refa, anaisikia filimbi nusu sekunde baada ya kupulizwa, wakati zile redio za zamani zisizopitia mitambo ya namba zilikuwa zinamfikishia mtu wa Mwanza filimbi ileile mapema kuliko huyo aliyelipa kiingilio.

Ila kuna sauti moja iliyowahi kuvuka bahari yetu hii kweli. Tarehe 27 Agosti 1883 volkano ya Krakatau, Indonesia, ililipuka, na watu wa kisiwa cha Rodrigues, jirani na Morisi, karibu kilomita 4,800 kutoka pale, walisikia ngurumo wakadhani ni mizinga ya meli. Walisikia baada ya kama saa nne. Piga hesabu mwenyewe, kilomita 4,800 kwa mwendo ule ule niliomwambia mwanafunzi wa Korogwe, inatoka sawasawa. Mbano wake uliendelea kuizunguka dunia zaidi ya mara moja, vipima presha vya miji ya mbali viliunasa ingawa masikio hayakusikia kitu.

SWALI: Mwalimu nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe ananikataza kwenda altrasaundi, anasema ile mionzi inamchoma mtoto. Mume wangu anasema niende. Nimsikilize nani? – *Mama kijacho, Morogoro*

JIBU: Hongera mwanangu. Hapa mume wako yuko sahihi, ila kamwambie mama mkwe kwa adabu, maana kajali tu na kachanganya vitu viwili. Eksirei ndo ina mionzi, na hiyo kweli mjamzito anaepushwa nayo pasipo sababu. Altrasaundi ni sauti. Ni mbano na mlegeo uleule wa ngoma, ila umepandishwa mpaka mara milioni kadhaa kwa sekunde, kwa tumbo la mjamzito mara nyingi kati ya megahezi 2 na 7, wewe husikii na mtoto hasikii.

Utakachokiona ni hivi. Utapakwa jeli ya baridi tumboni, na jeli hiyo sio mapambo: kukiwa na hewa hata nyembamba kati ya ngozi na kile kidude, karibu sauti yote inagonga hapo na kurudi, hakuna inayoingia. Kidude kinatuma mlio mfupi sana, kinanyamaza, kinasikiliza mwangwi. Mwilini sauti inakwenda kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho sentimita 10 ndani kinajibu baada ya mikrosekunde 130 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), mashine inajua umbali, inaweka nukta kwenye skrini, na inarudia hivyo maelfu ya mara. Mfupa unarudisha mwangwi mkali ndo unaonekana mweupe, maji ya uzazi hayarudishi kitu ndo meusi. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow ndo walitangaza picha za kwanza za namna hii za mimba, na alianza kujaribu kwa mashine ya kiwandani iliyotengenezwa kutafutia nyufa ndani ya vyuma!

Na ile "dufu dufu dufu" ya haraka utakayosikia ukilia machozi, sio mlio wa moyo wenyewe. Mashine inapima mwangwi unavyobadilika moyo ukicheza, alafu inakutengenezea sauti ya kusikia. Mlio halisi anausikia nesi anapokuwekea tumboni kile kibomba kama tarumbeta na kutega sikio, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Pinard mwaka 1895, na mpaka leo hakihitaji umeme wala bando.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki 24. Miezi minne uko ndani ya muda, nenda. Ninachokataa ni kwenda kila wiki kwa ajili ya picha ya kupost, sauti hiyo ina nguvu na inapasha moto kidogo inapopita, kwa hiyo itumike na aliyesomea, kwa sababu ya kiafya.

SWALI: Naendesha bodaboda na efuni masikioni siku nzima, jioni naskia "nziiii". Kuna shida? – *Boda, Mwanza*

JIBU: Ipo, na ni mbili, ya kwanza husikii honi ya lori. Ya pili, desibeli 85 sikio linavumilia kama saa 8 kwa siku, kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na juu ya pikipiki lazima unapandisha sauti ishinde upepo na injini. Hiyo "nziiii" ni vinyweleo vya ndani ya sikio vinalalamika, na vikifa havioti tena. Vua kijana wangu.

SWALI: Mwalimu nina mawe kwenye figo, nimepimwa. Kuna mtu kwenye grupu anauza audio za "mawimbi ya sauti ya uponyaji hezi 528", anasema yanatengeneza DNA na kuyeyusha mawe, unasikiliza siku 21. Analeta na picha za kisayansi kabisa. Ninunue? – *Mgonjwa, Arusha*

JIBU: Usinunue. Hezi 528 ni sauti ya kawaida kabisa, iko jirani na noti ya "do" ya kinanda yenye hezi 523, umeshaisikia maelfu ya mara kwenye kwaya, kwenye taarabu, kwenye king'ora, na mawe yako bado yapo. Haitengenezi DNA ya mtu. Muziki unatuliza moyo, hilo sikatai, mgonjwa aliyetulia analala vizuri, lakini hapo hata wimbo wako wa zamani wa bure unatosha.

Kinachonichefua ni kwamba huyo tapeli kaiba kitu cha kweli. Mawimbi ya sauti yanavunja mawe ya figo, tangu Februari 1980 kule Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa hivyo. Ila sio ya kwenye spika ya simu. Ni mashine inayotoa mishtuko ya presha kali, mishtuko 2,000 mpaka 3,000 kwa kikao, inapitishwa kwenye maji au jeli iingie mwilini (sababu ni ileile ya mama wa Morogoro), na yote imeelekezwa ikutane kwenye nukta moja, pale jiwe lilipo, ambapo daktari keshapaona kwa eksirei au altrasaundi. Njiani presha imesambaa haikuumizi sana, kwenye jiwe imekusanyika, jiwe linapasuka vipande vidogo na unavikojoa siku zinazofuata. Haifai kwa kila jiwe, makubwa kupita sentimita 2 mara nyingi yanatolewa kwa njia nyingine, na madogo sana huwa yanatoka yenyewe ukinywa maji ya kutosha.

Kwa hiyo chukua majibu yako ya vipimo, nenda kwa daktari wa njia ya mkojo kwenye hospitali ya rufaa, muulize jiwe lina milimita ngapi na liko wapi, na kama mashine ya kuvunja kwa mawimbi inafaa kwako. Ukipata homa, au mkojo ukigoma kutoka, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo. Na huyo wa kwenye grupu mbloki, akikuuliza kwa nini mwambie nimekutuma mimi.